Mhariri, hiyo "pai" yenu ni keki, na kastadi yake inageuka maji

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi lakini hii haitakuwa fupi, nimevumilia wiki mbili sasa na kila nikifungua friji hasira inarudi upya. Ni kuhusu ukurasa wenu wa mapishi, ile resipi mliyoiita "Pai ya Boston". Mimi naoka keki hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, si duka, ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, oveni moja ya gesi na sigiri mbili za akiba kwa siku gesi inapoisha katikati ya oda. Kiswahili nimekulia nacho kambini, baba alikuwa mwanajeshi, ndio maana nikiongea na simu pale soko la Mpanga watu wanageuka kuangalia afande katokea wapi. Kwa hiyo gazeti lenu nalisoma lote, mpaka matangazo ya vifo.

Sasa kastoma wangu mmoja, mama wa heshima zake, simtaji, alikata hiyo page kwa mkasi akaniletea ikiwa imekunjwa ndani ya pochi. Akaniambia Amooti (hilo ni jina langu la heshima la Kitooro, na yeye analo lake), binti yangu amemaliza digrii, tunafanya sherehe kule kwa mume wangu Bundibugyo, nataka hii pai ya gazeti, watu wamechoka na keki. Akaacha depoziti 60,000, nyingine 60,000 siku ya kupokea. Picha yenu ilikuwa nyeusi na ndogo kama stempu ya posta, mtu angeweza kusema ni tairi. Mimi nilijua ni nini kwa sababu niliwahi kuisoma hiyo kitu, yeye hakujua, na nyie hamkumwambia.

Siku ya sherehe nikafungua boksi mbele ya watu. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Amooti, hii ni keki."

"Adyeri, hii ndio pai yenyewe."

"Pai iko na nyama."

Na mumewe huko nyuma, mtu mzima na koti lake, anauliza kwa sauti, nyama iko wapi? Watu wakacheka, na mimi nimesimama na kisu mkononi kama mwizi wa kuku. Mhariri, Uganda nzima ukisema pai mtu anafikiria mitpai, ile ya nyama ya kusaga na kitunguu, inakaa kwenye kabati la kioo na balbu ndani. Hiyo ndio pai. Nilivyorudi nyumbani nikamwelezea kijana wangu wa sekondari akasema mama, nyote mmekosea, pai ni 22 kwa 7. Sikumjibu.

Mngeandika mstari mmoja tu. Mngesema, ndugu wasomaji, hii ni keki, spanji mbili za duara, yaani keki laini, zimebebana, katikati kastadi nzito, juu chokoleti, hakuna keki zaidi ya hapo, ila Wamarekani wanaiita pai. Basi. Na sababu yenyewe si ngumu, miaka ile ya 1800 majumbani kwao huko Marekani sahani za bati za kuokea pai ndizo zilizokuwa nyingi kuliko mikebe ya keki, kwa hiyo mama alikuwa anamwaga unga wa keki kwenye sahani ya pai na jina likabaki. Chombo ndicho kilichotoa jina. Mimi nilianza kuoka kwa sufuria juu ya mchanga, na mkaa chini na juu, na hakuna aliyewahi kuiita keki yangu ugali, lakini kila nchi na mambo yake.

Hoteli ya Parker House iko Boston mpaka leo, ilifunguliwa mwaka 1855, na wenyewe wanajivunia kwamba keki hiyo ilitoka jikoni kwao mwaka 1856. Wakati huo chokoleti kwa Wamarekani wengi ilikuwa kitu cha kunywa, sasa ukimletea mtu chokoleti imemwagwa juu ya keki inang'aa, lazima arudi kesho. Ya kwao walikuwa wanapaka spanji sharubati yenye ramu na pembeni wanabandika lozi zilizokaangwa. Mimi kastoma wangu ni mlokole, ramu nikaacha, nikatumia sukari na ndimu, na lozi bei yake mnaijua nyie wenye mishahara, nikasaga karanga. Hoteli hiyo hiyo inasema Ho Chi Minh, yule wa Vietnam, aliwahi kufanya kazi kwenye sehemu yao ya kuoka kama mwaka 1912 hivi, na Malcolm X naye alikuwa anaondoa vyombo mezani miaka ya 1940. Nikiwa nimesimama pale na unga mpaka kwenye kope huwa nafikiria hiyo, inanipa nguvu kidogo. Na mwaka 1996 jimbo la Massachusetts likaifanya keki hii kitindamlo rasmi cha jimbo, waliopeleka hoja ni wanafunzi wa sekondari, watu wazima wakakaa bungeni wakajadili keki. Biskuti za chokoleti zilikuwa kwenye kinyang'anyiro zikakosa, mwaka uliofuata wakazipa cheo cha biskuti rasmi ili watu wapoe.

Jina ningewasamehe. Kilichoniuma ni kastadi.

Nyie mliandika, nanukuu kutoka kwenye karatasi hapa mbele yangu ina doa la siagi, "ikianza kuwa nzito itoe mara moja motoni, isichemke kabisa." Na mimi ujuzi wangu wote nikauweka pembeni nikatii gazeti. Maziwa nusu lita, viini vya mayai 5, sukari gramu 100, konflawa, ule unga mweupe laini wa mahindi, vijiko 4 vya chakula. Ikaanza kuwa nzito, nikaitoa. Mhariri ilikuwa nzuri, ilikuwa inakaa juu ya kijiko kama imelala, nikaiweka kwenye bakuli, nikaifunika, nikaiweka kwenye friji saa tatu usiku nikalala na amani. Saa kumi na moja alfajiri naamka niunganishe keki, nafungua, nachota, kijiko kinashuka chenyewe. Maji. Si maji kabisa, ni uji wa mgonjwa, ule wa kunywa kwa kikombe. Nikadhani kuna mtu kaongeza maziwa usiku, karibu nimwamshe mtoto nimhoji.

Kumbe ni hivi, na hili ndilo nataka mlichape kwa herufi nzito. Kwenye kiini cha yai kuna kimeng'enya kinaitwa amilesi, kazi yake ni kula wanga. Konflawa ni wanga mtupu. Sasa kama hujaichemsha kastadi mpaka itoe mapovu mazito katikati, yale ya kupasuka polepole plop, plop, kile kimeng'enya kinabaki hai na usiku kucha kwenye friji yako kinatafuna wanga taratibu na asubuhi unakuta kimeshamaliza kazi. Lazima ichemke, na ikishaanza kutoa mapovu uendelee kukoroga kama dakika moja nzima, mkono usisimame, ndio uitoe. Watu wanaogopa mayai yatagandana yawe kama mayai ya kukaanga, na hofu hiyo ina haki yake kama kastadi haina unga, hapo ukipita nyuzi 80 na kitu umekwisha. Lakini ukishatia konflawa ule wanga unayakinga mayai, yanavumilia moto. Cha kuangalia ni pale mwanzo, usimwage viini kwenye maziwa yanayochemka, mwaga maziwa kwenye viini, kidogo kidogo, huku unapiga, alafu yote ndio yarudi kwenye sufuria.

Nadhani najua kosa lilitoka wapi. Sisi wengi kastadi tuliyoijua ni ya mkebe, ule unga wa rangi ya njano wa kukoroga na maziwa, shuleni tulikuwa tunapewa na ndizi siku ya mgeni. Ule hauna yai hata moja. Aliyeubuni ni Mwingereza mmoja wa Birmingham, Alfred Bird, mwaka 1837, kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru na mama wa watu alikuwa anapenda kastadi. Huyo ndio mume, wengine wangemwambia kula embe. Sasa ile ya mkebe ikishakuwa nzito unatoa na haina shida, hakuna kiini, hakuna kimeng'enya, inakaa mpaka kesho kutwa vile vile. Aliyewaandikia resipi amechukua tabia ya mkebe akaiweka kwenye mayai. Sisemi mkebe ni mbaya, nina mmoja kabatini, ila ukisema viini 5 basi usimwongoze mtu kama hana viini.

Hivo asubuhi ile nikaanza upya. Trei ya mayai ilikuwa imebaki na 11. Nikapika mpaka mapovu, nikachuja, nikatia siagi kidogo ikiwa bado moto, nikabandika nailoni juu ya kastadi yenyewe iiguse kabisa isifanye ngozi, alafu beseni la maji baridi. Kwa barafu nikakimbia kwa mama anayeuza samaki, akanipa na ya nyongeza. Kufikia saa tatu asubuhi ilikuwa imeshika. Chokoleti nikayeyusha na krimu, nusu kwa nusu, nikaacha ipoe kidogo mpaka ikimwagwa inateleza yenyewe ukingoni na kusimama, ikiwa moto sana inakimbia yote kwenye sahani unabaki na keki ya upara.

Alafu safari. Ile barabara ya Fort Portal kwenda Bundibugyo ni lami nzuri, sina neno, lakini inashuka kutoka mlimani mpaka bonde la Semuliki kwa kona ambazo mtu mwenye tumbo jepesi anajuta, na kadiri unavyoshuka joto linapanda. Kwetu Fort Portal ni baridi, huko chini ni jasho. Nilikaa mbele kwenye teksi, nimelipia siti mbili, boksi magotini, dereva namwambia kijana polepole huyu ni mgonjwa. Tukapita Karugutu vizuri. Baada ya hapo kwenye kona moja nikahisi kitu kinahama ndani ya boksi. Nikafungua kidogo, spanji ya juu imeteleza mbele kama kofia ya mlevi, kastadi inachungulia nyuma. Keki ya siagi ngumu ile ya harusi haifanyi hivyo, ile unaweza kuipiga teke. Hii katikati ni kitu laini, spanji ya juu haina pa kushika.

Nilichofanya sikukisoma kwenye gazeti. Pale Sempaya kwenye chemchemi za maji ya moto, pale wageni wanachemsha mayai kwenye maji ya ardhini mpaka yanaiva, nikamwomba dereva asimame, nikanunua muchomo, nyama ya kuchoma, vijiti vitatu kwa mtu wa njiani, nikala nyama, nikaosha vijiti kwa maji ya chupa, nikasukuma keki ikarudi mahali pake nikaichoma vijiti vitatu kutoka juu mpaka chini. Namuomba Mungu mlokole wangu asijue keki ya binti yake ilishikiliwa na vijiti vya muchomo. Sasa atajua.

Na hapa tena nawarudia. Mliandika keki "ipambe meza tangu asubuhi mpaka wageni wafike." Nyie wageni wa Uganda mnawajua? Kadi ikisema saa sita wanafika saa tisa na nusu, mgeni rasmi saa kumi na moja. Kastadi ni maziwa na mayai, wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wanasema masaa 2 nje ya friji, na kama joto limepita nyuzi 32 basi ni saa 1 tu. Kule Bundibugyo mchana! Watu 80 wangekula keki asubuhi-mpaka-jioni yenu, kesho yake zahanati ingekuwa na foleni mpaka barabarani, na jina langu lingekuwa la kwanza kutajwa. Mimi niliiacha kwenye boksi la barafu mpaka hotuba zikaisha, nikaitoa dakika ile ile ya kukata, ndio maana ile aibu ya nyama ilitokea mbele ya watu wote.

Wakaila lakini. Wote walionicheka waliila, na mwenye koti akarudi mara ya pili na sahani ya mtoto.

Kulikuwa na mzee mmoja upande wa mume, mkulima wa vanila na kokoa, alikuwa amekaa pembeni anaila polepole sana na kijiko anakinusa. Akaniita. Kiswahili chake cha kule mpakani na Kongo.

"Mama, hii unatiaka vanila ngapi?"

"Ganda moja, mzee."

"Moja nzima?"

"Nzima. Nimepasua, nimekwangua mbegu, na ganda lenyewe nimelichemsha ndani ya maziwa."

Akatazama keki, akatazama watu 80, akaanza kuhesabu kwa vidole, nadhani alikuwa anagawa bei ya ganda kwa vipande. Alafu akanionyesha vile vidoti vyeusi vya mbegu kwenye kastadi akamwambia mjukuu wake angalia, hii ndio tunalalaka nayo nje. Maana huko vanila ikikaribia kukomaa watu wanalala shambani na tochi na panga, wezi wanaivuna mbichi usiku, ndio maana serikali inatangaza mpaka tarehe ya kuvuna. Na ua lake linafunguka siku moja tu, asubuhi, lazima mtu alichavushe kwa mkono na kijiti, moja moja, ujanja uliopatikana kisiwani Réunion mwaka 1841 kwa mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, na yule mzee anafanya vile vile leo. Alafu ganda linakaa miezi kama tisa kwenye mti.

Resipi yenu ilisema "matone mawili ya vanila." Ile ya chupa ya duka mara nyingi ni harufu ya kiwandani, haijawahi kuona shamba. Madagaska ndio inaongoza kwa vanila duniani lakini sisi nasi tumo kwenye orodha, na gazeti linalosomwa Bundibugyo na Kasese linawaambia watu wakanunue chupa. Kama ni bei sawa, semeni ni bei, mimi mwenyewe keki za watoto natia ya chupa. Ila kwenye hii, ambayo katikati ni kastadi na kastadi haina kitu kingine cha kuitetea, ganda linaonekana. Chokoleti ndio sikuweza kukwepa, kokoa inaanikwa pale pale kando ya barabara kwenye turubai, harufu yake kama siki inaingia mpaka ndani ya gari, na mimi nimebeba chokoleti ya kupakiwa Ulaya naipitisha katikati yake. Sikumwambia mzee.

Basi ninachoomba, Mhariri, mchape sahihisho. Si lazima mniandike jina. Semeni pai ya Boston ni keki. Semeni kastadi ya mayai na konflawa lazima ichemke dakika moja. Semeni ikae kwenye friji mpaka dakika ya kukata, na atakayesafiri nayo abebe vijiti, vya muchomo au vingine. Na picha muitoe ya rangi, ikatwe kipande ili mtu aone ndani, hiyo peke yake ingeniokoa.

Yule kastoma alisema salio tutaongea, na mpaka leo hatujaongea. Nasikia amewaambia watu yeye aliagiza pai akaletewa keki. Adyeri, kama unasoma, na najua unasoma maana mkasi wako haupumziki, ni 60,000 na namba yangu ya mobile mani hujaifuta.

Mama wa keki,
Fort Portal